Stroberi ya Milimani, Ndimu ya Gengeni

Watoto wengi wa Dar es Salaam huijua ladha ya stroberi kabla hawajaliona tunda lenyewe. Huikuta kwenye mtindi wa kopo, kwenye bazoka, kwenye juisi ya unga inayokorogwa ndooni siku ya sikukuu, hata kwenye mafuta ya midomo ya dada zao. Hiyo ni ladha ya kiwandani, tamu mwanzo hadi mwisho, yenye rangi ya waridi isiyofifia. Kwa hiyo siku wanapolipata tunda halisi, dogo, lenye vimbegu vya njano juu ya ngozi na uchachu unaokaza pembe za ulimi, wengi hulirudisha kwenye sahani na kusema halina ladha. Ladha ipo. Inataka kusaidiwa tu, na mji huu una kila kitu cha kuisaidia.

Siku hizi kokteli ya stroberi imetoka kwenye menyu za hoteli za Posta na Masaki. Utaikuta kwenye kitchen party, kwenye sherehe za kuzaliwa, kwenye varanda za ghorofa za Upanga na Kariakoo Jumamosi jioni, feni ikizunguka na muziki wa jirani ukipanda kupitia ngazini. Ila mara nyingi huja kwa njia ya mkato: chupa ya shira nyekundu kutoka nje ya nchi, pombe yoyote iliyo karibu, soda na barafu. Gilasi inapendeza kwenye picha, lakini ukifika funda la tatu imekuchosha kwa sukari. Ipo njia nyingine, na karibu mahitaji yake yote unayapata kwa kutembea kwa miguu kuzunguka Soko la Kariakoo. Kwa maoni yangu, ukiifuata unapata kinywaji cha Dar es Salaam chenyewe, kisichoiga cha mtu.

Tuanze na tunda, maana ndilo dhaifu kuliko vyote.

Stroberi ya bustani tunayoila leo ni chotara. Mwaka 1714 afisa wa jeshi la Ufaransa, Amédée-François Frézier, alirudi kwao kutoka Chile na miche ya stroberi yenye matunda makubwa. Ilipopandwa Ufaransa karibu na aina nyingine iliyotoka Amerika Kaskazini, zikazaliana, na mwaka 1766 mtaalamu wa mimea Antoine Nicolas Duchesne akaandika kwamba stroberi mpya iliyokuwa ikisifiwa bustanini ni mtoto wa hizo mbili. Mtoto huyo alitoka mkubwa, mwenye harufu na maji mengi, na mwenye kupenda ubaridi. Ndiyo maana hastawi kwenye joto la pwani yetu. Hapa nchini hulimwa kwenye nyanda za juu: Lushoto, milima ya Uluguru, Arusha, Iringa, Njombe, Mbeya.

Sasa ifikirie safari yake. Kutoka Lushoto boksi linateremka kona za Usambara hadi Mombo, linashika barabara kuu, linapita Chalinze, na mpaka lifike mjini limekwenda zaidi ya kilomita 300. Kutoka Arusha ni zaidi ya 600. Morogoro ndiko karibu, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, mtu anaweza kushuka stesheni na kikapu chake kabla tunda halijajua kwamba limeshuka mlima. Zaidi ya asilimia 90 ya stroberi ni maji, na ngozi yake haina gamba la kuyalinda. Kila mtikisiko unaacha jeraha, na kila jeraha ni mlango wa ukungu.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Embe au ndizi ikichumwa ikiwa imekomaa, huivia nyumbani kwenye kabati. Stroberi haiivi tena baada ya kuchumwa. Itazidi wekundu kidogo, italainika, mwishowe itaoza, lakini utamu wake ni ule ule iliotoka nao shambani. Ukinunua yenye mabega meupe ukidhani utaisubiri hadi kesho, kesho utakuwa na stroberi ile ile, ila imechoka zaidi.

Kwa hiyo kununua ni nusu ya kazi. Mimi hupendelea Soko la Kisutu, kwa kuwa ndiko wanunuzi wa katikati ya mji wamezoea kufuata matunda na mboga za baridi, na wauzaji wake wanajua kuzitunza.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Karibu, hizi zimeingia alfajiri.”

“Naomba niligeuze boksi.”

“Geuza, mwanangu. Hata mimi nikizinunua nageuza.”

Muuzaji anayejiamini hujibu hivyo. Juu ya boksi hupangwa matunda ya kuvutia macho. Chini ndiko yaliko yaliyobanwa na kutoa maji. Ukiona unyevu mwekundu kwenye kitako cha boksi, au manyoya ya kijivu hata kwenye tunda moja, acha. Kisha nusa. Stroberi nzuri inanukia hata mfuniko ukiwa umefungwa, na isiyonukia sokoni haitanukia kwenye gilasi. Ukubwa usikubabaishe, mara nyingi ile ndogo nyekundu hadi shingoni ina ladha kuliko kubwa yenye tumbo jeupe. Miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndiyo yenye nafuu. Januari na Februari, jua linapochoma mji, nunua asubuhi na uende nazo moja kwa moja nyumbani. Ukifika usizioshe. Ziweke kwenye friji zikiwa kavu, juu ya kitambaa, na uzioshe dakika unapotaka kuzitumia.

Vinavyobaki vyote ni vya Kariakoo.

Jengo la soko hili lilichorwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake la miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokinga maji ya mvua, ni mojawapo ya kazi bora za usanifu zilizofanywa nchini baada ya Uhuru, na nasikitika kila nikiona mtu anapita chini yake bila kuinua uso. Moto wa Julai 10, 2021 uliliunguza, na ukarabati mkubwa ukafuata. Lakini Kariakoo haijawahi kuwa jengo peke yake. Soko liko barabarani: Mkunguni, Tandamti, Swahili, Nyamwezi, Sikukuu. Hapo ndipo ndimu zinapolala mafungu juu ya magunia, tangawizi bado ina udongo, choya kavu imejaa mabeseni, ukwaju umefinyangwa madonge, na mnanaa umefungwa vishada na kunyunyiziwa maji kila baada ya muda ili usinyauke.

Ndimu chagua zenye ngozi nyembamba na laini, zinazobonyea kidogo. Ile ngumu yenye ngozi nene ina maji machache. Na namaanisha ndimu, si limau. Limau lina upole unaofaa kwenye chai. Kinywaji cha stroberi kinahitaji ule ukali wa ndimu ndogo, kwa sababu sukari na barafu vyote viwili hupoza ladha. Kabla ya kuikata, ibiringishe mezani kwa kiganja hadi ilegee. Usiikamue mpaka tone la mwisho, kwani ukibana ganda sana unatoa uchungu wake.

Halafu kuna pombe, kwa wanaoitumia.

Konyagi inatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na kampuni ya Tanzania Distilleries, tangu miaka ya 1970. Ina kileo cha asilimia 35, ni nyeupe kama maji, na inanukia kidogo ganda la machungwa. Wengi huinywa kwa soda ya tangawizi au bitter lemon na mazungumzo yakaishia hapo. Nadhani tumeidharau. Konyagi asili yake ni miwa, na hilo linaiweka kwenye ukoo mmoja na ramu ya Cuba na cachaça ya Brazili. Vinywaji viwili mashuhuri vya dunia vimesimama juu ya ukoo huo. Kimoja ni daiquiri, iliyopewa jina la kijiji chenye machimbo karibu na Santiago de Cuba mwishoni mwa karne ya 19: ramu, ndimu, sukari, basi. Baadaye baa ya El Floridita mjini Havana, chini ya Constantino Ribalaigua, iliipatia umaarufu ile iliyosagwa na barafu, na kutoka hapo ndipo daiquiri ya stroberi ilipotanda duniani. Cha pili ni caipirinha ya Brazili, ambayo ndani yake ndimu hupondwa pamoja na sukari kwenye gilasi yenyewe.

Afrika Mashariki imeshashiriki kwenye hadithi hiyo. Mgahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, ndio ulioipa umaarufu kokteli iitwayo dawa: vodka, ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichochovywa kwenye asali ili mnywaji akoroge mwenyewe kiasi anachotaka. Ni mtoto wa caipirinha aliyelelewa na asali yetu, na leo anaagizwa kuanzia Nairobi hadi Zanzibar. Kama Nairobi iliweza kwa asali na kijiti, Dar es Salaam, yenye miwa inayosagwa kila kona na ndimu kwenye kila genge, ina haki ya kuwa na cha kwake.

Kiini cha kinywaji hicho ni shira ya stroberi, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu hapa ndipo kokteli nyingi za nyumbani huharibika. Kishawishi ni kuchukua sufuria. Usichukue. Moto unatoa rangi nzuri, lakini harufu ya stroberi ni nyepesi, inaruka na mvuke, na unachobaki nacho ni jamu nyepesi. Jamu ni kitu kizuri kwenye mkate. Kwenye gilasi tunataka tunda bichi.

Chukua gramu 250 za stroberi, zioshe haraka, zikaushe, kata vikonyo. Zilizobonyea kidogo zinafaa kabisa, ondoa tu sehemu laini. Yenye ukungu itupe nzima. Zikate vipande vinne vinne uziweke kwenye bakuli la udongo au la kioo. Mwaga juu yake gramu 150 za sukari, kamulia ndimu moja, ongeza chumvi kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili. Geuza kwa mwiko taratibu, funika, weka kwenye friji usiku kucha.

Baada ya muda mfupi utaona kazi imeanza bila wewe. Sukari inavuta maji kutoka ndani ya tunda. Chembe nyeupe zinageuka za waridi, kisha zinayeyuka, na chini ya bakuli kunajikusanya maji mekundu mazito. Asubuhi vipande vyenyewe vimesinyaa na kupauka, na rangi yote imehamia kwenye shira. Ndimu nayo imefanya kazi yake ya siri: rangi nyekundu ya stroberi hung’aa penye uchachu na kuchuja usipokuwepo. Ndiyo maana shira isiyo na ndimu hufubaa upesi, na ndiyo maana magadi hayana nafasi kabisa kwenye bakuli hili. Chuja kwa chujio la chai, ukibonyeza kwa mgongo wa kijiko bila kusaga. Utapata karibu kikombe kimoja. Kwenye chupa safi, ndani ya friji, hudumu siku kadhaa bila kupoteza uhai.

Barafu nayo ina heshima yake. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoa, au ya chupa. Mapande ya barafu yanayouzwa kwa ajili ya samaki Feri ni ya samaki. Gandisha kwenye kopo la siagi au bakuli la plastiki, upate bonge kubwa, kwa sababu bonge kubwa linayeyuka polepole kuliko vidonge vidogo vya kwenye trei. Ukitaka kulivunja, lifunge ndani ya kipande cha kanga safi na ulipige kwa mchi wa kinu. Kama umeme unasumbua mtaani kwenu, barafu iliyovunjwa hukaa muda mrefu ndani ya chupa ya chai. Thermos haijali kama ndani kuna moto au baridi.

Sasa chenyewe. Kwenye chupa tupu ya jamu yenye mfuniko unaobana, weka vijiko vinne vya chakula vya Konyagi, viwili vya shira, kimoja na nusu cha maji ya ndimu. Jaza barafu hadi nusu, funga, funika kwa kitambaa, na utikise kwa nguvu mpaka kioo kiume mkono kwa baridi. Mtikiso huo si mbwembwe. Barafu inapogongana inayeyuka kidogo, na yale maji machache ndiyo yanayoulegeza ukali wa pombe na kuiachia stroberi nafasi. Wanaoruka hatua hii na kukoroga tu kwa kijiko hupata kinywaji kinachochoma juu na kuganda sukari chini. Mimina kupitia chujio kwenye gilasi iliyokaa kwenye friza. Onja. Kama kimekuwa kitamu mno, ongeza ndimu, usiongeze maji. Kama kimekuwa kikali, nusu kijiko cha shira.

Juu yake nakushauri kitu kimoja tu: pilipili manga iliyotwangwa papo hapo, chembe chache. Inaamsha stroberi kwa namna ya kushangaza, na kwa mji wenye bahati ya kuwa jirani wa Zanzibar, ni aibu kuiacha kwenye pilau peke yake. Miavuli ya karatasi, sukari kwenye ukingo wa gilasi, kipande cha tunda kilichochomekwa pembeni, hayo ni hiari yako.

Anayependa ya kusagwa kwenye blenda agandishe stroberi zenyewe na azitumie badala ya barafu, ili kinywaji kisiwe maji. Aongeze shira kidogo, kwa sababu ulimi uliopigwa na baridi hauoni utamu vizuri.

Neno kuhusu vipimo, na nalisema kwa uzito. Vijiko vinne vya Konyagi ni mililita 60, na ndani yake mna takriban gramu 17 za kileo halisi, zaidi ya mara moja na nusu ya kipimo cha gramu 10 kinachotumiwa na wataalamu wa afya. Ladha haitakuambia hivyo, kwa sababu sukari na tunda vinaficha. Kinywaji hiki kinanyweka kama juisi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Tumeshaona nini kinatokea pombe kali inapokuwa rahisi kupita kiasi: viroba, vile vifuko vidogo vya pombe, vilienea hadi kwa vijana wa stendi na wanafunzi, mpaka Serikali ikavipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Nyumbani hakuna mhudumu wa kukukatia. Pima kwa kijiko, kila gilasi, hata mkono ukiwa umezoea. Mwenye gari au bodaboda mlangoni mpe jagi lisilo na kileo. Nunua chupa yenye stempu ya TRA ambayo haijaguswa. Na gongo lisisogee karibu na bakuli hili. Mbali na kuwa haramu kisheria, pombe inayopikwa bila kupimwa inaweza kuwa na sumu inayoua au kupofusha macho, na hakuna ndimu inayoiondoa.

Lile jagi lisilo na kileo ndilo ninalolipenda kuliko yote, na sioni sababu ya kuliita mbadala. Kariakoo ni mtaa wa misikiti, wa nyumba ambazo futari hushuka na juisi ya tende na ukwaju, na wageni wako nusu yao hawagusi pombe kwa imani yao. Mwenyeji muungwana hawapi wageni hao soda ya chupa huku wengine wakihudumiwa kwa matunda. Anawatengenezea kitu chao, kwenye jagi lao, kwa mwiko wao, na anawaambia waziwazi kilichomo.

Nenda kwa muuza miwa. Wako Msimbazi, wako Uhuru, wako karibu na kila kituo cha mwendokasi. Tazama anavyofanya: anamenya muwa kwa panga, anaupitisha kwenye mashine mara ya kwanza, anaukunja ukiwa umepondeka, katikati ya mkunjo anaweka ndimu nzima na kidole cha tangawizi, kisha anaurudisha kwenye magurudumu. Kinachotoka ni cha kijani chenye povu, na tayari kina nguzo zote za kokteli: utamu, uchachu, ukali. Kwa lugha ya wenye baa hicho ni kinywaji kilichokwisha kupangwa, na kinatengenezwa mbele yako na kijana ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwita fundi wa vinywaji. Mimi namwita hivyo.

Mwombe akujazie chupa yako mwenyewe, bila barafu. “Kaka, niongezee tangawizi” ni maneno yanayostahili kusemwa. Fanya hiyo iwe safari ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani, kwa sababu juisi ya miwa hugeuka rangi kuwa kahawia haraka ikikutana na hewa. Ndimu huichelewesha tu. Nyumbani, kwa kila gilasi, ponda stroberi tatu na majani manne ya mnanaa chini ya gilasi kwa mpini wa mwiko, taratibu, mpaka harufu ipande. Mnanaa ukiusaga sana unakuwa mchungu. Weka barafu, jaza juisi ya miwa, koroga mara moja. Huna haja ya shira wala sukari.

Kuna na cha choya. Chemsha kikonzi cha choya kavu kwenye lita moja ya maji pamoja na kijiti cha mdalasini na iliki tano zilizopondwa, acha ipoe kabisa, chuja, kisha ongeza vijiko sita vya shira ya stroberi. Choya ina wekundu wa kina na uchachu mkavu. Stroberi inaleta harufu ambayo choya haina. Zikikutana, hakuna anayeweza kusema moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kwa pilau ya Ijumaa mchana sijui kinywaji bora zaidi.

Mwisho ni jagi la watu wengi, kwa siku ambayo wageni ni kumi na hakuna atakayesimama jikoni akitikisa chupa. Zabibu zilifikishwa Dodoma na wamisionari Wakatoliki katikati ya karne iliyopita, na leo mkoa ule huvuna mara mbili kwa mwaka. Mvinyo wake mwekundu mkavu, ambao wengi huuona mkali kuunywa peke yake, unafaa sana hapa. Mimina chupa moja kwenye jagi kubwa. Tia gramu 250 za stroberi zilizokatwa, chungwa moja la Muheza lililokatwa viduara pamoja na ganda lake baada ya kusuguliwa vizuri, vijiko vinne vya shira, kijiti cha mdalasini. Acha kwenye friji kwa saa nne au zaidi. Usiongeze Konyagi, hata wageni wakikushawishi. Mvinyo unatosha na matunda yenyewe yamelewa. Weka barafu kwenye gilasi, si kwenye jagi, ili wa mwisho kuhudumiwa asipate maji. Vile vipande vya chini vigawe kwa kijiko, kila gilasi ipate chake, na kinachobaki kirudi kwenye friji mbali na mikono ya watoto, maana kesho yake asubuhi bado kitafanana na saladi ya matunda.